Pombe ya Ndizi: Sababu za Kuharibika Kwake

Katika nchi hii ya kando ya ziwa, tangu Kagunga mpaka Ujiji, na juu milimani Kalinzi, Manyovu na Heru Juu, kazi ya kutengeneza pombe ya ndizi ni ya tangu zamani. Pombe hiyo huletwa penye posa na harusi. Hiyo huwaita majirani waje kulima. Tena mama wengi huiuza wakapata fedha ya madaftari na nguo za watoto wao. Jirani zetu wa Burundi huiita urwarwa. Sina haja ya kuwafundisha Waha namna ya kuitengeneza, maana wamekwisha kufundishwa na mama zao na bibi zao. Somo langu ni la jambo moja: kwa nini pombe iliyotengenezwa na mikono ile ile, kwa ndizi za shamba lile lile, wiki hii huwa nzuri, na wiki ijayo huwa kali kama siki, au huwa maji matupu, au huwatapisha watu.

Jawabu la watu wengi ni kwamba yuko mtu. Jirani alipita akaitazama kwa jicho baya, au mgeni alikaribia mtungi siku isiyofaa. Jawabu hili lina ubaya wa namna mbili. Kwanza, haliitengenezi pombe ya kesho. Pili, huleta ugomvi kati ya nyumba na nyumba, na wazee mnajua kesi za namna hiyo zinavyokwisha. Mimi nataka kuonyesha ya kuwa pombe, karibu siku zote, huharibika kabla haijawa pombe: huharibika katika shimo la kuivishia, au katika maji, au katika unga, au katika chombo.

Kwanza tufahamu pombe hufanyikaje. Ndizi mbichi imejaa wanga; ikiiva, wanga huo hugeuka ukawa sukari, hata nyama ya ndizi mbivu huwa na sukari kiasi cha sehemu 20 katika mia. Maji matamu yaliyokamuliwa, ambayo hapa nitayaita togwa, huingiwa na chachu. Chachu si dawa wala si uchafu. Ni viumbe hai, vidogo sana hata jicho haliwezi kuviona, navyo hukaa juu ya maganda ya ndizi, katika majani, na katika ufa wa chombo cha zamani. Viumbe hivi hula sukari, wakati huo huo hutoa kileo na hewa ile inayotoa mapovu. Lakini hawako peke yao. Wako na wengine wanaopenda sukari ile ile, nao hutoa ukali, utelezi, au harufu mbaya. Mfaransa Louis Pasteur aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha habari za bia kilichotoka mwaka wa 1876, akionyesha ya kuwa bia huugua kwa sababu ya vijidudu vya kigeni vilivyoingia ndani yake. Basi kazi yote ya mtengeneza pombe ni kuisaidia chachu ipate kuwashinda wenzake mapema.

Sasa tuanze na shimo. Desturi ni kuchimba shimo, kulitia joto kwa moto wa majani makavu, kulitandika majani ya mgomba, kupanga ndizi, kuzifunika kwa majani na udongo, na kuzingoja siku 4 hadi 6. Wengine huzitundika juu ya jiko. Njia zote mbili ni nzuri, kwa maana joto huharakisha uivaji, na katika moshi imo hewa iitwayo etilini ambayo huamsha ndizi ziive; hewa hiyo hiyo hutoka pia katika ndizi zilizokwisha kuiva, na kwa hiyo mkungu mmoja mbivu huivisha wenzake. Kosa kubwa ni kuchanganya mikungu iliyokomaa na isiyokomaa ili shimo lijae. Ile isiyokomaa hulainika bila kuwa tamu, kwa sababu haikuwa na wanga wa kutosha. Na ile iliyokomaa huku nyuma imekwisha kuwa rojo. Dalili ya ndizi iliyo tayari ni hii: ganda ni la manjano, latoka kwa wepesi, na nyama ni laini lakini haijamwagika.

Yuko mtu atakayesema, "Nimekamua mpaka mikono imeuma, wala togwa haikutoka, ila uji mzito." Amtazame kwanza mgomba wake. Ndizi za kupika si ndizi za pombe. Ndizi za pombe zina ukakasi mwingi, na ukakasi huo ndio unaoyasaidia maji yatengane na nyama wakati wa kukanda. Ikiwa ndizi ni za pombe kweli, basi ama hazijaiva sawasawa, ama zimepita kiasi, ama nyasi ni chache. Nyasi zile ndefu kavu hazitiwi kwa mapambo. Ndizo zinazoshika nyama na kuacha maji yapite. Ziongezwe kidogo kidogo, ziwe safi, wala zisiwe zimeota ukungu kwa kulala chini wakati wa mvua. Ukanda wa mikono ni bora kuliko wa miguu. Lakini mwenye kukanyaga kwa miguu, kama wafanyavyo wengine penye kazi kubwa, aioshe kwa sabuni na kuisuuza vizuri kabla hajaingia.

Hapa nitoke njiani kidogo, kwa kuwa jambo hili lahusu shamba zima. Ule ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioonekana Uganda mwaka wa 2001 na Kagera mwaka wa 2006, uliingia baadaye na katika mkoa wa Kigoma. Mkungu wa mgomba mgonjwa huiva kabla ya wakati, ndizi moja moja bila utaratibu, na ukiikata ndizi utaona ndani wekundu wa kahawia. Mtengeneza pombe akiona mkungu umewahi kuiva hufurahi, lakini afadhali asifurahi. Ndizi zile hazimdhuru mtu, ila majani yake yakitandikwa shimoni kwa jirani, na maganda yake yakitupwa shambani, na kisu kilichoukata kikikata mwingine, ugonjwa umekwisha kuhama. Kisu kipitishwe motoni kila baada ya mgomba unaoshukiwa, na ua la mwisho la mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu.

Turudi katika togwa. Baada ya kuichuja huongezwa maji, na hapo ndipo mambo mawili huharibika pamoja, yaani pombe na afya.

Habari ya pombe kwanza, nayo ni hesabu ambayo waalimu waweza kuwapa watoto wa darasa la 5. Togwa ina sukari 20 katika mia. Ukitia maji sehemu 1 kwa togwa sehemu 3, sukari imekuwa 15 katika mia. Chachu hugeuza sukari karibu nusu kuwa kileo na karibu nusu kuwa hewa. Kwa hiyo pombe ile, hata ikichacha mpaka mwisho, kwa uzito kileo chake hakiwezi kupita 7 hivi katika mia. Ukitia maji sawasawa na togwa, sukari ni 10, na kileo hakifiki hata 5 kamili. Tena kileo na ukali ndio walinzi wa pombe. Maji ya Ziwa Tanganyika yana asili ya magadi kidogo, nayo hupunguza ule ukali wa togwa unaowazuia vijidudu vibaya. Basi aongezaye maji ili apate madebe mengi hapati pombe nyingi. Apata pombe ya siku moja, na kesho yake huimwaga.

Habari ya afya ni nzito zaidi. Pombe ya mtama au ya ulezi hupikwa motoni, lakini ya ndizi haipikwi hata kidogo. Maji yaliyotoka ziwani huingia mtungini kama yalivyo, na hutoka mtungini kuingia tumboni. Mwezi wa Mei 2015 wakimbizi maelfu na maelfu kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, mahali pembamba kati ya mlima na maji, wakisubiri kuvushwa kwa meli Liemba mpaka Kigoma. Watu walikunywa maji ya ziwa lile lile walilooga ndani yake. Kipindupindu kikazuka, katika mwezi ule watu maelfu waliugua, na watu 30 hivi wakafa, na wenyeji walikuwamo.

Kijidudu cha kipindupindu hakipendi ukali, na pombe iliyochacha kabisa si mahali pake pazuri. Lakini togwa ya siku ya kwanza, ambayo watoto hupewa wanywe, ni tamu wala haina ukali wa kutosha. Tena iko desturi mbaya ya kuongeza maji baridi wakati wa kuuza, pombe ikionekana nzito au ikionekana kidogo na watu wengi. Maji hayo hayana muda wa kuchacha. Ni maji ya ziwa yaliyotiwa rangi. Yapasa maji yote ya pombe yachemshwe mpaka yatokote sana, yafunikwe, yapoe kabisa. Ndipo yatiwe. Maji ya moto huua chachu, na pombe isiyoanza kuchacha kwa siku mbili mara nyingi imetiwa maji ambayo hayajapoa. Kuni zitumikazo kwa maji haya si nyingi, maana ni sehemu 1 katika 4 tu.

Sasa unga. Pombe yetu hutiwa unga wa mtama uliokaangwa kidogo na kusagwa. Unga huo huipa rangi na harufu, tena huwapa chachu chakula ambacho sukari peke yake haina. Mtama ukiungua ukawa mweusi, pombe huwa chungu. Hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kuchukua nafaka mbovu, kwa kusema, "Hii haifai kwa ugali, basi itafaa kwa pombe."

Sikilizeni habari ya Chitima. Ni mji mdogo katika jimbo la Tete, nchi ya Msumbiji. Mwezi wa Januari 2015 watu walikunywa pombe ya kienyeji baada ya mazishi, wakaanza kuugua kwa wingi. Watu 75 wakafa, na mama aliyeitengeneza pombe ile alikuwa mmoja wao. Habari iliyovuma kwanza ni kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Bila shaka wasomaji wengi wamekwisha kuisikia sumu hiyo ikitajwa hata kwetu. Lakini pombe ile ilipopelekwa kupimwa na wataalamu, haikuonekana nyongo ya mnyama yeyote. Ilionekana sumu iitwayo asidi bongkreki, inayofanywa na bakteria waliokaa katika unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haina harufu, haina ladha, wala haiharibiki kwa kupikwa. Hakukuwa na adui. Palikuwa na unga mbovu, na mwenye unga alikunywa pamoja na wageni wake.

Kwetu Tanzania vilevile, mwaka wa 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi yao. Sumukuvu nayo haiondoki kwa kupika wala kwa kuchachusha. Kwa hiyo nafaka yenye ukungu, au iliyolowa gunia likakauka tena, au yenye harufu ya chumba kilichofungwa, isiingie katika pombe kwa sababu yo yote. Wala kuku wasipewe. Wenye kuotesha kimea wawe waangalifu zaidi, maana nafaka iliyolowa na kufunikwa siku tatu ni shamba zuri la ukungu. Ipinduliwe kila siku, itandazwe nyembamba, na ikishaota ikaushwe juani upesi siku ile ile. Wakati wa masika, jua likikosekana, ni afadhali kutofanya kimea kabisa.

Chombo sitakiongea sana. Mtumbwi wa mti na mtungi wa udongo ni vyombo vyema, na nyufa zake huhifadhi chachu nzuri. Lakini pombe moja ikiisha kuwa siki humo, nyufa zile zile huhifadhi na siki. Chombo hicho kisuguliwe, kimwagiwe maji yanayotokota, kianikwe juani siku mbili. Madumu ya plastiki ni mazuri ikiwa yalikuwa na mafuta ya kula au maji. Dumu lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu haliwezi kuoshwa likawa safi, hata kwa mchanga na majivu. Ndoo na mapipa ya bati lililopakwa zinki hayafai kabisa: ukali wa pombe hula zinki ile, na wanywaji hushikwa na tumbo na kutapika kabla ya usiku. Nasadiki kwamba watu kadhaa waliosingiziwa uchawi waliponzwa na ndoo.

Joto nalo lina neno lake. Mtu wa Manyovu akihamia Ujiji hushangaa kuona pombe yake imekuwa kali siku ya pili, ingawa hakubadili kitu. Amebadili nchi. Huku chini kando ya ziwa joto ni jingi, chachu hufanya kazi upesi, na pombe huwa tayari kwa siku 1 au 2. Juu milimani usiku ni wa baridi, na huenda zikahitajika siku 3 au zaidi. Wa pwani aweke chombo kivulini, mahali penye upepo, akizungushie majani mabichi. Wa mlimani akiweke karibu na jiko na kukifunika mablanketi ya majani makavu. Togwa isiyotoa povu mlimani baada ya siku nzima si lazima iwe imekufa. Ipashwe joto la mkono, kisha itiwe kikombe cha sira ya pombe nzuri ya juma lililopita. Sira hiyo ni chachu tupu. Mama mwenye busara huitunza kama wengine watunzavyo mbegu. Lakini aichukue katika pombe iliyokuwa nzuri, maana akiichukua katika iliyoharibika ameupanda ugonjwa ule ule.

Chombo kifunikwe, lakini kisizibwe. Hewa ya chachu sharti itoke, na aliyefunga chupa au dumu kwa nguvu huamshwa usiku kwa kishindo. Vile vijinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu vizuiwe kwa kitambaa safi, kwa kuwa miguuni mwao huchukua bakteria wa siki. Bakteria hao wanahitaji hewa. Kwa hiyo pombe iliyobaki nusu ya mtungi huwa kali upesi kuliko iliyojaza mtungi mpaka shingoni. Ikibaki kidogo, ihamishwe katika chombo kidogo.

Pombe ikiwa na utelezi kama mlenda, au ikinuka kama yai bovu, au ikiwa na ukungu wa rangi juu yake, imwagwe. Asijaribu mtu kuiokoa kwa sukari ya dukani. Na zaidi asijaribu kuiokoa kwa kuikeneka iwe gongo. Sheria ya Moshi ya mwaka wa 1966 yakataza kukeneka bila ruhusa, wala haikuwekwa kwa kuonea watu: mitambo ya nyumbani ya mabati na mabomba ya kuokota hutia risasi na zinki katika kinywaji, na wauzaji wengine huongeza spiriti za viwandani ambazo hupofusha macho na kuua. Kwa pombe yenyewe, auzaye anahitaji leseni, kwa Sheria ya Vileo ya mwaka wa 1968. Na wazee wa kijiji wafanye vyema kuwakumbusha wauzaji mapema, kabla ya askari hajawakumbusha.

Neno moja la karani: anayejua kuandika awe na daftari. Aandike siku ya kufukia ndizi, siku ya kuzifukua, kipimo cha togwa na cha maji, unga ulitoka gunia gani, siku ya kuonja, na hali ya mvua au jua. Pombe ya nne au ya tano ikiharibika, atafungua daftari na kuona kilichobadilika. Kama mama mwenyewe hakusoma, mtoto wake wa shule anaweza kumwandikia kwa dakika tano.

Na pombe iliyogeuka siki, lakini haina ukungu wala utelezi wala harufu ya uozo, isimwagwe. Ndugu zetu wa Ujiji, ambao wengi wao ni Waislamu wala hawanywi pombe, huenda wamesoma mpaka hapa kwa ajili ya togwa tu; basi habari hii ya siki hutumika katika majiko mengi. Ichujwe kwa kitambaa, imiminwe katika mtungi wenye mdomo mpana usiojaa sana, ifunikwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa, iachwe mahali penye joto wiki 3 au 4. Juu yake utatanda utando mweupe laini. Huo si ukungu, ndio mama wa siki, na usivurugwe. Ukali ukiisha kukomaa, na harufu ya kileo ikiwa haipo tena, ichujwe mara ya pili, ichemshwe kidogo, itiwe katika chupa safi zilizojazwa mpaka juu. Itafaa kwa achari ya embe na ndimu, na kwa samaki, nayo hukaa miezi mingi bila kuharibika.